DOKTA ALBERT COOK WA MENGO: KASWENDE, AIBU NA DAFTARI LA HOSPITALI

Leo sina siasa wala mpira. Naomba mnivumilie kwa mada ambayo wengi wetu twaitaja kwa sauti ya chini, tena tukiwa wanaume watupu kibarazani: KASWENDE. Wazee wengine wakiita sekeneko. Nitaipitisha kwenye maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, Dokta Albert Cook wa Mengo, Uganda. Ukisema kaswende tu watu wanafunga ukurasa, lakini ukisema kisa cha mtu, mtu husoma.

Najua mtauliza, mtu wa Uroa na Uganda wapi na wapi? Ninazo sababu mbili.

Ya kwanza ni kliniki ya wajawazito. Hapa kwetu Uroa mama mwenye mimba huwa bado yumo baharini kwenye mwani wakati bamvua limetoka, mpaka miezi imlemee. Akienda kliniki hutolewa damu kidogo, na moja ya yanayotafutwa kwenye damu ile ni kaswende. Wanaume wengi hatujui hilo. Tunajua amekwenda kliniki, basi. Sasa hii kazi ya kumtafuta mama kabla hajajifungua na kumwandika daftarini ina historia ndefu, na kwa upande wetu huu wa Afrika kisa chake maarufu kabisa ni cha Mengo.

Ya pili inatugusa zaidi. Wafanyabiashara wa pwani, wakiwemo waliotoka Zanzibar, walifika Buganda tangu miaka ya 1840, miaka mingi kabla ya Mzungu wa kwanza kukanyaga kule. Baadaye, kaswende ilipoanza kuandikwa, wapo waganga wa Kizungu walioandika kuwa ugonjwa huo ulipandishwa bara na watu wa pwani. Yaani sisi! Kwa hiyo kesi hii jina letu limo, tuna haki ya kuisoma faili.

ALIKOTOKA

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, London, tarehe 22 Machi 1870. Alisoma Chuo cha Trinity pale Cambridge, kisha akasomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, moja ya hospitali kongwe za London, akamaliza 1895. Kijana wa miaka 25, daktari, mji mkubwa, angeweza kukaa kwao akatibu matajiri na kula vizuri. Yeye akajiunga na chama cha wamisionari wa Kianglikana cha CMS, akaomba kwenda Uganda.

Mwaka 1896 akaja Mombasa na kundi la wamisionari. Reli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa, kwa hiyo safari ya bara ilikuwa ya miguu. Msafara ulikwenda kama miezi mitatu, wapagazi wamebeba mahema, vyakula na masanduku ya dawa. Katika kundi lile alikuwemo nesi mmoja, Bibi Katharine Timpson, aliyesomea kazi yake London katika hospitali ya Guy's. Wale wawili walioana mwaka 1900, na huko mbele mtaona kuwa huyu mama hakuwa mke wa daktari tu. Wapo wanaosema kazi yake ndiyo iliyookoa roho nyingi zaidi.

Walifika Mengo Februari 1897. Mengo ndiko ilikokuwa ikulu ya Kabaka wa Buganda, vilima vya Kampala ya leo. Mwaka ule ule Cook akafungua hospitali pale kwenye kilima cha Namirembe, jengo la miti na nyasi na vitanda vya kuhesabu kwa vidole. Ndiyo mwanzo wa Hospitali ya Mengo, ambayo ipo mpaka leo.

Na mwaka wenyewe ulikuwa wa moto. Kabaka Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza akakimbia, mwanawe Daudi Chwa akawekwa kwenye kiti akiwa mtoto mchanga, na askari wa Kisudani waliokuwa wakiwatumikia Waingereza nao wakaasi. Daktari mgeni akajikuta anatibu majeruhi wa risasi hata lugha hajaishika.

Lakini aliishika. Alijifunza Kiganda kikamkaa, hata akatunga kitabu cha maneno na sentensi za kitabibu kwa Kiganda, ili daktari mwingine akija ajue kumuuliza mgonjwa panapomuuma. Wadau, hilo si dogo. Hata leo mgonjwa anaweza kuingia kwa daktari akaandikiwa dawa, akatoka bila kuelewa anaumwa nini.

MOTO NA MALALE

Ndugu yake, Dokta Jack Cook, alimfuata 1899. Hospitali mpya kubwa ikajengwa, halafu Novemba 1902 radi ikaipiga ikaungua yote. Wakaanza upya, na 1904 likafunguliwa jengo la matofali.

Kabla ya moto ule, mwaka 1901, ndugu hawa wawili waliona wagonjwa wa aina ambayo hawajaiona pale: watu wanasinzia, wanakonda, wanapotea akili, wanakufa. Walikuwa wa mwanzo kuutambua ugonjwa wa malale Uganda. Miaka michache iliyofuata malale yaliua watu zaidi ya 200,000 pembezoni mwa Ziwa Victoria. Visiwa vizima vilihamishwa watu.

Nimeyataja malale kwa sababu yanatupa picha ya hali ya akili za watu wakati ule. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu kuwa Waganda wanakwisha. Watu wakiisha nani atalima pamba, nani atalipa kodi ya kibanda? Katika hofu hiyo ndipo ilipoingia kaswende.

KASWENDE INAANDIKWA

Cook alikuwa mtu wa daftari. Tangu 1897 kila mgonjwa aliyelazwa Mengo aliandikwa: jina, atokako, anachoumwa, kilichofanywa, amepona au amekufa. Usiku, baada ya kazi za mchana, anaandika. Na katika daftari zile kulikuwa na jambo linarudi kila siku: vidonda, mifupa iliyooza, pua zilizokatika, na wanawake waliokuwa wakieleza mimba zilizotoka na watoto waliozaliwa wafu. Waganda walikuwa na jina la ugonjwa huo, kabotongo. Cook akaandika: kaswende.

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ikamleta Kanali Lambkin, daktari wa jeshi, achunguze. Lambkin hakukaa muda mrefu. Alipoondoka akatangaza, na mwaka 1908 ikachapishwa London, kuwa kaswende imewaingia kiasi cha asilimia 80 ya Waganda. ASILIMIA 80! Fikiria unaambiwa katika kila watu kumi wa kijiji chenu, wanane wanayo. Cook, aliyekuwa na sifa ya kuijua Uganda kuliko daktari mwingine yeyote, alikubaliana kuwa hali ni mbaya mno, na jina lake likaipa nguvu hesabu ile.

Lambkin alieleza na sababu: nchi imefunguliwa, wafanyabiashara wanapita, adhabu kali za zamani kwa wazinifu zimeondolewa, na wanawake ambao zamani walikuwa wakifungiwa sasa wanatembea. Kwa ufupi, kosa likawa la mwanamke aliyetoka nje ya ua. Wadau mmeuona mtindo? Miaka zaidi ya mia moja sasa na wimbo ni huo huo.

DAWA ILIYOKUWA MBAYA KAMA UGONJWA

Tukumbuke zama zile. Kijidudu chenyewe cha kaswende kiligunduliwa Ujerumani 1905. Kipimo cha damu cha Wassermann kikatoka 1906. Dawa? Zebaki! Ile maji ya fedha iliyokuwa kwenye vipimajoto vya zamani. Mgonjwa anapakwa, anameza au anadungwa sindano ya zebaki, wiki kwa wiki, miezi kwa miezi. Meno yanalegea, mate yanamwagika, figo zinaumia. Wengi walikuja mara mbili tatu wakakimbia, na nani atawalaumu?

Mwaka 1910 ikaja Salvarsan ya Paul Ehrlich, dawa yenye arseniki ndani yake, sumu ile ile wanayouliwa nayo watu kwenye hadithi za wapelelezi. Ilikuwa afadhali kuliko zebaki, lakini ghali, na inataka daktari wa kuisimamia.

Kwa matibabu ya namna hii mgonjwa hatibiwi akarudi kwao jioni. LAZIMA ALAZWE, au akae karibu. Vitanda vikajaa. Mwaka 1913 serikali ikaanzisha kituo kwenye kilima cha Mulago, na kazi yake ya kwanza ilikuwa magonjwa ya zinaa. Wengi hawajui kuwa Mulago, hospitali kubwa kuliko zote Uganda hii leo, ilizaliwa kwa sababu ya kaswende.

Kisha ikaja lazima. Kupitia kwa machifu, watu walikusanywa wakapimwa, wanaume na wanawake, wakaguliwe miili yao. Hebu jiweke wewe, au mama yako, umepangwa mstari unasubiri kuvuliwa nguo mbele ya watu kwa sababu umeshukiwa wewe, ukoo wako na kabila lako zima. Malalamiko yalikuwa makubwa na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mambo yale yakalegezwa. Lakini doa lilibaki. Mtu aliyekwenda hospitali ya kaswende alikuwa ameshahukumiwa kabla hajamwona daktari.

HESABU ILIVYOPINDUKA

Sasa njooni kwenye kiini cha makala hii.

Miaka mingi baadaye madaktari waliipitia upya kesi ile. Mmoja wao ni J.N.P. Davies, profesa wa Makerere, ambaye mwaka 1956 aliandika historia ya kaswende Uganda. Walichokiona ni kuwa sehemu kubwa ya wale wagonjwa haikuwa kaswende ya zinaa. Vijidudu vya jamii hii ni ndugu wa karibu mno. Yupo wa kaswende ya zinaa, yupo wa BUBA, na ipo kaswende nyingine ya vijijini ambayo watoto huambukizana kwa kugusana ngozi, kulala pamoja na kunywea kata moja. Mtoto anapata vidonda, anakua, mifupa inaharibika, na hajamjua mwanamke wala mwanamme.

Na kipimo cha damu hakiwezi kuwatenganisha ndugu hao. Si cha Wassermann tu, hata vipimo vya siku hizi vikikutana na mtu aliyeugua buba utotoni vinaweza kusema ndiyo. Wazee wetu wa mashamba waliozaliwa kabla ya kampeni za sindano za miaka ya 1950 wanaijua buba vizuri, waulizeni.

Kwa hiyo taifa zima liliitwa la wazinifu kwa ugonjwa ambao wengi wao waliupata wakiwa watoto wanacheza. Na sisi watu wa pwani tukapewa lawama ya kuupeleka.

Simwekei Cook lawama yote. Alitumia elimu ya siku zake, na kaswende ya kweli ilikuwepo, wala si kidogo. Ila alikuwa mmisionari. Aliuona ugonjwa akaiona dhambi nyuma yake, na ukishaiona dhambi ni vigumu kuangalia kitu kingine. Daktari akianza na dhambi, mgonjwa anaanza na uongo. Akiulizwa anaumwa nini atasema kichwa.

BIBI KATHARINE NA WAKUNGA

Lakini katika kaswende ile ile ndimo lilimotoka jambo la heri. Akina Cook waliangalia wanawake waliokuwa wakizaa watoto wafu wakaona kuwa huwezi kumwokoa mtoto ukimsubiri mama aje hospitali na uchungu tayari. Lazima umfikie kabla, kijijini kwake, na wa kumfikia ni mwanamke mwenzake anayesema lugha yake.

Baada ya Vita vya Kwanza, Bibi Katharine akaanzisha pale Mengo chuo cha wakunga, kikaitwa kwa jina la mke wa gavana, Lady Coryndon. Wasichana wa Kiganda waliokuwa wanajua kusoma na kuandika wakafundishwa ukunga, wakafanya mtihani, wakatumwa kwenye vituo vidogo vidogo vya uzazi mashambani. Mama mjamzito akawa anakwenda kuangaliwa, na akionekana ana kaswende anatibiwa mimba ikiwa bado tumboni.

Tusisahau kuwa na pale mahubiri ya usafi wa tabia yalikuwemo, na wasichana walichungwa kama kuku wa Iddi. Lakini mfumo ulisimama. Mkunga, kituo cha karibu, kupimwa mapema, kuandikwa. Ukiingia kliniki yoyote ya Unguja au Pemba leo, ndicho hicho hicho unachokiona.

Cook mwenyewe naye, tangu 1917, alikuwa ameanza kufundisha vijana wa Kiafrika kazi za utabibu pale Mengo, wakati wengi wa wakoloni wenzake wakiamini Mwafrika ataishia kufagia wodi.

UZEENI

Mwaka 1932 alipewa cheo na Mfalme wa Uingereza akawa Sir Albert. Mwaka 1934 akastaafu CMS. Wengi wakistaafu wakirudi Ulaya kufa kwao, yeye alikwenda kuishi kilima cha Makindye, hapo hapo Kampala. Bibi Katharine akafariki 1938. Mzee akabaki peke yake, akaandika kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda kilichotoka 1945, na tarehe 23 Aprili 1951 naye akafariki, ana miaka 81. Wote wawili wamezikwa Namirembe, karibu na hospitali yao.

Aliwahi kuiona dawa ya kweli. Penisilini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kaswende Marekani 1943, ikafanya kwa sindano kile ambacho zebaki haikukifanya kwa miaka mia nne. Wodi za kaswende duniani zikaanza kufungwa moja moja. Mtu aliyetumia miaka mingi kulaza wagonjwa wa ugonjwa huu alikufa wakati unapata dawa ya kuutibu bila kitanda.

Na zile daftari? Zipo. Zilihifadhiwa Kampala, na maktaba ya udaktari ya Makerere inaitwa kwa jina lake. Baada ya yeye kufa watafiti walizifungua wakatafuta mambo ambayo Cook hata hakuwa akiyatafuta. Mwaka 1964 kwa mfano, zilitumika kuonesha ni saratani gani zilikuwepo Buganda tangu 1897, wakati watu wengi wakidhani Waafrika hawakuwa na saratani. Maoni yake juu ya dhambi za Waganda yameoza. Alichokiandika kitandani kwa mgonjwa, siku kwa siku, bado kinasomwa.

INATUHUSU NINI SISI?

Vijana wenzangu mliopo kafe mnahesabu dakika, hapa nipeni tano tu za ziada.

Kaswende haikufa na Cook. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu wazima milioni 8 waliambukizwa upya, na watoto 700,000 hivi waliathirika kutoka kwa mama zao. Na si mambo ya mbali. Mwanza, hapa hapa Tanzania, ulifanywa utafiti uliotoka 2002. Kwa wanawake ambao hawakupimwa, karibu NUSU ya watoto waliozaliwa wafu, asilimia 51, sababu ilikuwa kaswende ya mama. Nusu! Na utafiti wa pamoja na huo ukaonesha kuwa mama akipimwa na kupigwa sindano MOJA ya penisilini ya benzathini, hatari ile inashuka mpaka analingana na asiyekuwa nayo.

Mie nimekulia hapa Uroa nikisikia habari za wanawake wa mimba tatu nne zilizotoka. Majina ya kilichowapata yalikuwa mengi: chango, jini, kijicho cha mke mwenza. Mwanamke anafungwa hirizi, anafukizwa, anapelekwa kwa mganga huyu na yule, mwisho anaachwa kwa kuwa hazai. Sisemi wote wale walikuwa na kaswende, hasha. Mimba hutoka kwa mambo mengi. Nasema kuwa wengi wao hakuna aliyewahi kuwaangalia damu. Na mume hakuulizwa kabisa! Yeye anaoa mwengine, na ikiwa ugonjwa ulikuwa kwake, anaingia nao nyumba mpya.

Kwa hiyo yajueni haya, tena hayahitaji shahada:

Moja, kidonda cha kwanza cha kaswende mara nyingi HAKIUMI. Kinatoka, kinakaa wiki kadhaa, kinapona chenyewe. Kijana anashukuru Mungu anasahau. Hakijapona, kimehamia ndani.

Mbili, baada ya hapo unaweza kutoka vipele, hata viganjani na nyayoni, navyo vinaondoka vyenyewe. Halafu kimya, miaka na miaka. Kikirudi kinaweza kuja kwenye moyo, macho au ubongo, na hapo ndipo unalazwa.

Tatu, kipimo ni tone la damu. Ikiwa ni mapema, sindano moja inatosha. Ikiwa imekaa sana, huwa sindano tatu, moja kila wiki. Linganisha na zebaki ya Mengo!

Nne, ukitibiwa peke yako na mwenzako hajatibiwa, umepoteza wakati. Mtapeana tena. Na kuugua mara moja hakukupi kinga.

Tano, mume, nenda kliniki na mkeo. Najua kibarazani watakucheka, watasema umekaliwa. Waache wacheke. Kumbeba mtoto mfu kumpeleka mavani alfajiri hakuchekeshi.

Na ndugu zangu mnaofanya kazi katika vituo vya afya: kijana akija kupimwa msimuulize alikuwa na nani, mumewe yuko wapi, mbona binti wa fulani. Visiwa vyetu vidogo, neno likitoka Uroa asubuhi, adhuhuri limefika Darajani. Kijana akiaibishwa mara moja harudi, na hawarudi wenziwe kumi. Mulago ya 1913 ilijengwa kwa mamilioni ya nia njema, lakini aibu ilikaa mlangoni ikawafukuza watu.

Hilo ndilo ninalolichukua kwenye maisha ya Dokta Cook. Mzee yule alikuwa na mikono miwili. Mmoja uliandika daftarini yaliyompata mgonjwa, na mwingine ulinyoosha kidole. Mkono wa kuandika ndio uliojenga kliniki, wakunga na maarifa tunayoyala matunda yake mpaka leo. Ule wa kidole uliwaita watu wazinifu kwa vidonda vya utotoni, ukawafundisha kuficha. Sisi kidole tunacho, tena kirefu. Daftari ndilo linalotushinda.

Wadau nawasilisha. Kwa walioko Uganda, Oman na kwingineko, ikiwa wazee wenu waliwahi kuwasimulia habari za buba au za zile kampeni za sindano, tuandikieni hapo chini tuzisome. Na walio wauguzi na wakunga msikae kimya, tusahihisheni na mtuongezee elimu. Matusi peke yake ndiyo sitayaweka.

Wabillahi tawfiq.